Programu Ikuulize Unajua Nini, Si Unapenda Nini

Anayejiunga na kozi ya mtandaoni siku hizi huenda akakutana na dodoso kabla hajaliona somo lenyewe. Anaulizwa kama, akinunua kifaa kipya, hupenda kusoma kijitabu cha maelekezo, kutazama michoro, kuelezwa kwa mdomo, au kukishika na kukijaribu mwenyewe. Anabofya majibu kumi na kitu, na mwisho anapewa jina: wewe ni mwanafunzi wa kuona, au wa kusikia, au wa kusoma na kuandika, au wa kutenda. Kuanzia hapo ahadi ni kwamba somo litamfuata. Wa kuona ataletewa video na michoro, wa kusikia ataletewa sauti, wa kutenda atapewa mazoezi ya kuburuta vitu kwenye kioo cha simu. Mgawanyo huo wa makundi manne ulitoka kwa Neil Fleming, aliyekuwa mkaguzi wa shule nchini New Zealand, ambaye dodoso lake la VARK lilianza mwaka 1987. Wala hakuwa peke yake. Watafiti wa Uingereza walioongozwa na Frank Coffield walipokaa kuzihesabu nadharia za namna hii, ziitwazo za mitindo ya kujifunza, mwaka 2004, walikuta 71, kila moja na makundi yake, na baadhi zikiwa zimegeuka biashara kubwa ya vitabu, semina na madodoso.

Si vigumu kuona kwa nini wazo hili limependwa. Kila aliyewahi kushika chaki anajua kwamba watoto hawafanani, na kwamba maelezo yaleyale yanayomwingia mmoja mara moja yanampita mwenzake. Mwaka 2020 watafiti Philip Newton na Atharva Salvi walikusanya tafiti zilizowahoji walimu zaidi ya 15,000 katika nchi 18, wakakuta karibu 9 kati ya kila 10 wanaamini kwamba mwanafunzi hujifunza vizuri zaidi akifundishwa kwa mtindo wake. Kwa miaka mingi imani hiyo haikuwa na madhara makubwa, kwa sababu mwalimu mwenye wanafunzi 80 darasani hana muda wa kuandaa somo moja mara nne. Kompyuta inao. Ndiyo maana suala hili, ambalo zamani lilikuwa la semina za walimu, sasa ni suala la pesa na la muda wa watu wengi. Mimi naona kwamba masomo ya mtandaoni yanapaswa kweli kumfuata mwanafunzi mmoja mmoja, na kwamba dodoso la mitindo linamfuata mahali ambapo hapati faida.

Tuanze na swali la ushahidi, maana hapa ndipo mijadala mingi huteleza. Ushahidi wa aina gani ungetosha kuithibitisha nadharia hii? Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, Harold Pashler na wenzake, waliliweka sharti wazi. Chukua watu waliojitambulisha kuwa ni wa picha na wengine waliojitambulisha kuwa ni wa maneno. Ligawe kila kundi mara mbili kwa kura, nusu wafundishwe kwa picha na nusu kwa maneno, kisha wote wafanye mtihani mmoja. Ili nadharia isimame, watu wa picha lazima wafanye vizuri zaidi walipofundishwa kwa picha, na watu wa maneno wafanye vizuri zaidi walipofundishwa kwa maneno. Yaani njia inayomfaa huyu iwe ndiyo inayomwangusha yule. Kama picha zimewasaidia wote, hapo tumethibitisha kwamba somo lile lilihitaji picha, basi. Pashler na wenzake walipopekua maandiko walikuta tafiti chache sana zilizofanywa kwa utaratibu huo, na kati ya hizo chache, kadhaa zilileta matokeo yanayoipinga nadharia moja kwa moja.

Jaribio moja linastahili kutazamwa kwa karibu kwa sababu lilihusu somo la kwenye kompyuta. Laura Massa na Richard Mayer wa California walichapisha mwaka 2006 majaribio matatu yaliyotumia somo la misingi ya elektroniki. Somo lilikuwa na maandishi mengi, na mwanafunzi alipokwama aliweza kufungua msaada. Baadhi waliwekewa msaada wa maneno, yaani maelezo ya ziada, na wengine msaada wa michoro. Watafiti hawakutegemea dodoso moja. Walipima kwa vipimo vingi nani ni mtu wa picha na nani ni mtu wa maneno, na hata uwezo wa kila mmoja wa kugeuza maumbo kichwani. Kama nadharia ni ya kweli, hapo ndipo ilipopaswa kuonekana. Haikuonekana. Michoro ilielekea kuwasaidia watu wa pande zote mbili, wale wanaoipenda na wale wanaodai hawaihitaji. Mwaka 2015 Beth Rogowsky na wenzake walilinganisha watu wazima waliosikiliza kitabu cha sauti na waliosoma maandishi yaleyale kwenye kifaa, wakawapima papo hapo na tena baada ya wiki mbili. Kulinganisha njia na mtindo wa mtu hakukubadilisha kitu. Katika Chuo Kikuu cha Indiana, wanafunzi wa anatomia walipojaza dodoso la VARK, wengi hawakusoma kwa njia waliyoelekezwa, na wale walioifuata hawakupata alama za juu kuliko wenzao.

Msomaji anaweza kuuliza: mbona mimi mwenyewe najua kabisa kwamba nikisikiliza naelewa kuliko nikisoma? Hisia hiyo ni ya kweli, na hakuna haja ya kuidharau. Watu wana mapendeleo yao, na mapendeleo hayo hupimika. Tatizo ni kwamba kuhisi umeelewa na kuelewa ni mambo mawili. Utafiti wa Abby Knoll na wenzake wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mtindo wa mtu ulihusiana na makadirio yake ya kiasi atakachokumbuka, lakini haukuhusiana na kile alichokuja kukumbuka. Wanaofuatilia mambo ya kumbukumbu hawatashangaa. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma; wengine wakakirudia kukisoma, wengine wakafunika karatasi na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Njia iliyo laini humfanya mtu ajione amemaliza kazi. Kwa hiyo programu inayomwuliza mwanafunzi anapenda nini inakusanya taarifa sahihi kuhusu jambo lisilohusika na mtihani wake.

Haki inataka pia upande wa pili usikilizwe kwa ukamilifu. Mwaka 2024 Virginia Clinton-Lisell na Christine Litzinger walijumlisha tafiti zilizopo na kukuta kwamba, kwa wastani, kulinganisha somo na mtindo kulileta faida ndogo. Watetezi wa mitindo wameishika sana namba hiyo. Lakini waandishi haohao waliangalia lile sharti la Pashler, kwamba njia inayomfaa huyu imwangushe yule, na wakalikuta likitimia katika takribani robo tu ya vipimo. Kwingine kote, faida iliyoonekana inaweza kuwa imetokana na somo bora kwa wote. Walihitimisha kwamba faida hiyo ni ndogo mno, na haionekani mara kwa mara kiasi cha kuhalalisha gharama. Naafiki. Sisemi kwamba hakuna mtu hata mmoja duniani ambaye mtindo unamhusu. Nasema hakuna mwenye fedha za kutengeneza masomo anayeweza kuzitumia hapo kwa dhamiri safi wakati kuna pengine panapolipa zaidi.

Kinachoamua njia ya kufundishia, mara nyingi, ni somo lenyewe. Hakuna namna ya kujifunza matamshi bila kusikia, hata kama dodoso limekuita mtu wa kuona. Mzunguko wa damu unahitaji mchoro. Kushona jeraha kunahitaji mikono. Na pale ambapo picha na maneno vinaweza kwenda pamoja, viende pamoja kwa kila mtu: Mayer ametumia miongo kadhaa akionyesha kwamba maelezo yenye mchoro unaohusika hueleweka kuliko maelezo matupu, ilimradi mchoro usiwe pambo na maneno yakae karibu na sehemu inayozungumziwa. Mtengeneza kozi anayemnyima mwanafunzi wa kusikia mchoro wa moyo kwa sababu ya majibu yake kwenye dodoso amempunguzia elimu huku akidhani anamhudumia.

Sasa, wanafunzi wanatofautiana wapi kwa namna inayobadilisha matokeo? Kwanza kabisa, katika wanachokijua tayari. Chukua mtoto wa darasa la tano anayeulizwa nusu ukijumlisha na theluthi unapata ngapi, naye anajibu 2/5. Hakukosea ovyo. Amejumlisha namba za juu, 1 na 1, akajumlisha na za chini, 2 na 3, kwa utaratibu ulio safi kabisa ambao ni wa makosa. Mwenzake anaulizwa kipi kikubwa, 0.35 au 0.8, anachagua 0.35 kwa kuwa 35 ni kubwa kuliko 8. Wa tatu amepata yote mawili na anachoka kusubiri. Ukimpa wa kwanza video, wa pili sauti na wa tatu maandishi, hujamgusa hata mmoja. Wa kwanza anahitaji kuonyeshwa kwamba jibu lake ni dogo kuliko nusu aliyoanza nayo, jambo lisilowezekana kwa kujumlisha. Wa pili arudi kwenye thamani ya nafasi, aione 0.8 kama 0.80. Wa tatu apewe swali gumu zaidi na aachwe. Kuyatambua hayo kunahitaji maswali mawili au matatu yaliyotungwa na mwalimu anayeyajua makosa ya watoto, na kompyuta inaweza kuyasahihisha kwa sekunde.

Tofauti hii ya ujuzi inaweza kupindua hata njia ya kufundishia. Slava Kalyuga, John Sweller na wenzao walionyesha kwamba anayeanza hufaidika kwa kuona mfano uliokokotolewa hatua kwa hatua, lakini aliyekwisha kulimudu somo akipewa mifano ileile hurudi nyuma, kwa sababu analazimika kupitia maelezo asiyoyahitaji. Angalia vizuri: hapa pana ule mpishano uliokosekana kwenye mitindo. Kinachomsaidia mmoja kinamzuia mwingine, na kinachowatenganisha ni kiwango cha ujuzi.

Ushahidi wa jambo hili haukutoka maabara za Marekani peke yake. Sehemu ya ushahidi wenye uzito ilitoka magharibi mwa Kenya. Kuanzia mwaka 1996, shule za msingi za Busia na Teso zilipewa vitabu vya kiada, na wachumi Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin wakafuatilia matokeo. Wastani wa alama haukupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari wanaongoza. Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wao ni lugha ya tatu, na vilimlenga mtoto ambaye darasani alikuwa mmoja wa wachache. Katika eneo hilohilo shule nyingine zilipewa chati kubwa za ukutani, za sayansi, hesabu na jiografia. Kwa mantiki ya mitindo, hapo watoto wa kuona walipaswa kuruka. Shule zilizopata chati hazikuwapita wenzao.

Halafu likaja jaribio la tatu. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer walifanya kazi na shule 121 zilizoongezewa mwalimu wa darasa la kwanza. Katika nusu ya shule hizo watoto waligawanywa kwa kura tu. Katika nusu nyingine waligawanywa kwa kiwango chao cha kuanzia. Baada ya miezi 18, watoto wa shule zilizogawanya kwa kiwango walikuwa mbele, wa kundi la juu na wa kundi la chini pia. Mwalimu aliyekuwa na watoto waliokaribiana aliweza hatimaye kufundisha jambo moja kwa watu waliolihitaji.

Kompyuta ilifanya kazi hiyohiyo mjini Delhi. Karthik Muralidharan na wenzake waliwapa wanafunzi nafasi kwa bahati nasibu katika vituo vya jioni vilivyotumia programu iitwayo Mindspark. Wanafunzi wa darasa la sita walipopimwa, kwa wastani walikuwa nyuma kwa miaka miwili na nusu katika hesabu, na ndani ya darasa moja walitawanyika katika ngazi za madarasa matano au sita. Programu haikuwauliza wanapenda nini. Iliwapima, ikawaweka walipo, ikawa inawapa maswali kulingana na jibu la mwisho. Baada ya miezi minne na nusu walikuwa wamewaacha wenzao mbali katika hesabu na Kihindi. Waliokuwa nyuma kabisa ndio faida yao ilionekana zaidi, kwa sababu wenzao wa kiwango hicho walioendelea na shule ya kawaida walikuwa karibu hawasongi mbele kabisa.

Hapa mtu atasema hayo ni ya wenye kompyuta na bando. Pingamizi hilo ni zito, ila halifiki mbali kama linavyoonekana. Wakati shule zilipofungwa mwaka 2020, watafiti wakiongozwa na Noam Angrist walitumia simu za kawaida nchini Botswana. Familia nyingine zilitumiwa ujumbe mfupi wenye maswali ya hesabu kila wiki. Nyingine zilipata ujumbe pamoja na simu ya dakika zisizozidi 20 kutoka kwa mwalimu. Ujumbe peke yake ulileta kidogo. Simu ilileta maendeleo ya wazi, na baadaye njia hiyo ikajaribiwa katika nchi nyingine tano, Kenya na Uganda zikiwemo, ikazaa matunda huko pia. Mwalimu wa simu alimpa mtoto swali, akasikia jibu, akajua pa kuendelea. Teknolojia yake ni ya kitochi. Na dodoso la mitindo lenyewe si rahisi hata kidogo: kurekodi somo moja kwa video, kwa sauti, kwa maandishi na kwa mazoezi ya kubofya ni kulipa mara nne kwa kitu kimoja, halafu mwanafunzi aliyetajwa kuwa wa kuona anamaliza bando lake kwenye video ambayo kurasa mbili zenye mchoro zingetosha kuchukua nafasi yake.

Pingamizi jingine nalichukulia kwa uzito zaidi: kumpanga mtoto kwa kiwango kunambandika jina baya kuliko kumwita wa kuona au wa kusikia. Ni kweli inaweza kutokea, hasa kiwango kikipimwa mara moja na kuachwa hapo. Lakini kiwango kinabadilika, na programu nzuri hukipima upya kila baada ya maswali machache. Jina la mtindo hudumu. Limekusudiwa kudumu, kwa kuwa linadai kueleza ubongo wa mtu ulivyo. Wala si jina lisilo na upande: mwaka 2023 Xin Sun na wenzake walionyesha kwamba wazazi, watoto na walimu waliwaona wanafunzi walioelezwa kuwa ni wa kuona kuwa na akili kuliko wale wa kujifunza kwa mikono. Kijana aliyeambiwa yeye si wa kusoma amepewa sababu ya kuweka kitabu chini, na kazi nyingi za ofisini na hata za gereji leo zinadai kusoma.

Kuhusu mwanafunzi asiyeona au asiyesikia, huyo asichanganywe na mjadala huu. Manukuu kwenye video, maandishi yanayosomeka na programu ya kusomea kioo, maelezo ya picha kwa maneno, hayo ni haki ya kufika kwenye somo, na yanapaswa kuwepo hata mtu asipoulizwa chochote. Ajabu ni kwamba kozi nyingi zenye dodoso refu la mitindo hazina hata manukuu.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, jambo la pili baada ya kiwango ni lugha. Katika mkoa wa Tanga, kati ya mwaka 2017 na 2019, watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 walipewa vishikwambi katika shindano la kimataifa la XPRIZE, vyenye programu za Kiswahili zilizofanya kazi bila intaneti, na vituo vya kuchajia kwa jua vijijini. Kwa takwimu za waandaaji, asilimia 74 hawakuwa wamewahi kwenda shule na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya hao wasiojua kusoma ilikuwa imepungua kwa nusu. Wale walikuwa watoto wadogo wakifundishwa kwa lugha wanayoisikia kijijini. Kaka na dada zao, wakifika kidato cha kwanza katika shule za serikali, hukuta fizikia na kemia vimehamia kwenye Kiingereza kwa siku moja. Kwao, marekebisho ya kwanza ya somo la mtandaoni yangekuwa kitufe kinacholeta maelezo yaleyale kwa Kiswahili kando ya aya ya Kiingereza, na jaribio fupi mwanzoni linalotenganisha asiyejua kanuni ya Ohm na yule anayeijua lakini hajui neno la Kiingereza aliloulizwa. Leo hao wawili wanapata sifuri moja, na hakuna dodoso la mtindo wa kujifunza linaloweza kuwatofautisha.